Anayekosa Hakimbii

Kambi ya matangi, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Huku bondeni simu haishiki mtandao. Ukitaka kuongea na watu lazima upande kilima, na mimi sikuja kupanda vilima, nimekuja kuchomelea matangi. Lori la mitungi ya gesi linakwenda na kurudi, na dereva wake amekubali kuwa posta yetu. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani. Usicheke.

Sasa timu yangu ya kikapu. Cherehani yako ukiiacha wiki nzima utaikuta ilivyokuwa. Wasichana ukiwaacha siku mbili tu, utakuta wamegeuka kikundi cha kupiga soga. Kwa hiyo fuata utaratibu wangu na usiongeze chumvi. Waanze kudunda mpira kwa mkono wa kushoto, ukingo hadi ukingo, macho juu. Anayetazama mpira anarudi mwanzo. Halafu pasi za kifua, wawili wawili. Halafu kukaba kwa miguu: mikono nyuma ya mgongo, nusu kuchuchumaa, upande kwa upande mpaka mapaja yawake moto. Nyuki atalalamika goti. Goti lake halina kitu, nimemwona akiruka kamba.

Mwisho kabisa, wakiwa hoi, mitupo ya adhabu, kumi kila mmoja. Hapo usilegeze. Anayekosa hakimbii. Anabaki mstarini, na wenzake ndio wanaokimbia kwa ajili yake, uwanja mzima kwenda na kurudi, yeye akiwatazama. Najua watu wananisema kwa zoezi hili. Wifi yako ameniita katili mbele ya wageni. Mimi nasema mtu akikimbia kwa kosa lake anachoka miguu tu. Akiwaona wenzake wanakimbia anachoka roho, na roho ndiyo inayokosa mitupo.

Hesabu zinanitetea. Nyumbani timu inapata saba katika kumi. Ugenini nne. Niambie, ugenini kuna nini? Mpira ni uleule, ringi ni ileile, umbali ni uleule. Tena ugenini mpira unagonga ukingo wa mbele, yaani haufiki, na huo ni mkono unaotetemeka. Ni woga.

Ndiyo maana majina mawili tunayotakiwa kupeleka kwa kikosi cha vijana cha jimbo ni Twiga na Kitasa. Rula hayumo. Alikosa miwili katika fainali, miwili yote, na mmoja tu ungetosha. Usije ukaniletea habari za huruma kwa kuwa ni mwanangu. Pale chama cha mpira wa kikapu walishanicheka: fundi wa kuchomelea, hana cheti, kajichomelea goli, kajiita kocha. Nikimpeleka binti yangu anayevunjika ugenini, watacheka mpaka wajukuu zao.

Kaka yako,
Kocha


Nyumbani, 15 Machi

Kaka,

Barua yako imefika ikinuka gesi. Dereva wako ni mzuri ila ameniuliza kama nimeolewa, na alipoambiwa ndiyo akauliza tena kama nina uhakika.

Nimefuata utaratibu wako wote. Filimbi yako inanishinda, nikiipuliza Twiga anasema, "Shangazi, hiyo ni filimbi au birika limechemka?" Sasa wote wananiita Shangazi, hata wale nisiowafahamu wazazi wao. Kudunda kwa kushoto wameimarika, isipokuwa Nyuki, ambaye mpira unamdunda yeye. Goti lake kweli halina kitu.

Mitupo ya adhabu: saba katika kumi, kama ulivyosema. Rula peke yake alipata tisa. Kaka, mimi nimecheza mpira huu miaka mingi kabla hujanifanya fundi cherehani wa kukuvalishia timu jezi, na mkono kama ule sijauona. Kiwiko chini ya mpira, kidole cha mwisho kinaaga, wavu unasema "fya". Ulimpa jina sahihi. Mkono ni rula.

Lakini haongei. Anakuja wa kwanza, anaondoka wa kwanza. Nilimuuliza kwa utani, "Wewe ulimi umeuweka rehani?" Akatabasamu nusu, kama mtu anayekulipa chenji pungufu.

Majina yanatakiwa mwisho wa Aprili. Wakichaguliwa wanapata shule na bweni, siyo jezi tu. Najua umesema nisilete huruma. Sijaleta. Nimeleta tisa katika kumi. Mfikirie upya mwanao.

Mdogo wako


Kambi ya matangi, 23 Machi

Mdogo wangu,

Tisa katika kumi nyumbani. Bafuni hata mimi naimba vizuri.

Nilivyojifunza hesabu hakuna aliyenishika mkono. Nilianza kwa kubeba mitungi ya watu, nikajifunza kupima kwa kuwaibia mafundi kwa macho, na leo hapa kambini injinia akitaka kujua kama mshono umenyooka ananiita mimi. Kwa hiyo usinifundishe namba. Namba moja haisemi kitu mpaka uiweke karibu na mwenzake. Weka tisa ya nyumbani karibu na sifuri ya fainali, uniambie unaona nini.

Usiku ule baada ya fainali aliniambia, "Baba, ringi yao iko juu." Unaona? Nikamjibu kuwa asiyejua kucheza hulaumu uwanja. Kesho yake nikamsimamisha mstarini, wenzake wakakimbia mpaka jua likazama, ili ajifunze kwamba kosa lina mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Tangu siku hiyo hajawahi tena kunitajia ringi. Amejifunza.

Kama haongei, mwache. Mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa siongei kwa sababu sikuwa na wa kuongea naye. Sikufa.

Twiga na Kitasa.

Kaka yako,
Kocha


Nyumbani, 4 Aprili

Kaka,

Naandika kwa haraka, nina sare za shule nzima mezani.

Wiki hii mitupo imeshuka. Timu imepata nne katika kumi, siku zote tatu, hapahapa nyumbani. Usipaniki na usimpigie mtu kelele kupitia kwangu. Nimekuandikia kwa sababu uliniomba namba za kweli.

Nina swali moja la kipuuzi. Lile zege la uwanja lilimwagwa lini, kabla hujasimamisha nguzo za magoli au baada? Mwenye ghala la saruji aliniuliza nikakosa jibu.

Wifi hajambo. Rula hajambo.

Mdogo wako


Kambi ya matangi, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Nne. Nimeisoma mara tatu nikidhani ni saba umeandika vibaya. Mimi nimeondoka mwezi mmoja, na nyumbani pamegeuka ugenini. Miaka miwili nimeijenga timu hiyo, nikitoka kazini na macho yamewiva kwa cheche, nikiwafundisha watoto wa watu kurusha mpira, na wewe umeibomoa kwa kicheko. "Shangazi, Shangazi." Kocha haitwi shangazi.

Waongeze mbio. Kila kosa uwanja mara mbili. Rula akikosa, mara tatu, maana yeye ndiye wanayemtazama.

Kuhusu swali la mwenye ghala, mwambie asijifanye amesahau. Nguzo kwanza, kila fundi anajua. Niliziweka kwenye udongo mtupu mimi mwenyewe, nikapima kutoka chini hadi ringi, mita tatu na sentimita tano kamili, nikarudia kupima kwa sababu simwamini mtu, hata mimi mwenyewe. Wasichana wakacheza juu ya vumbi mwezi mzima. Ndipo yeye akatupa ile mifuko yake iliyochanika, wazazi wakaja na makoleo, tukamwaga zege siku moja. Anadai nini sasa? Tulimshukuru. Hata keki alikatiwa.

Acha historia. Rudisha saba zangu.

Kaka yako,
Kocha


Nyumbani, 20 Aprili

Kaka,

Kaa chini kabla hujasoma. Kama uko juu ya tangi, shuka.

Mwishoni mwa Machi nilialika timu ya mtaa wa pili, mechi ya kirafiki. Wasichana wazuri, wamefundishwa vizuri. Walirusha mpira wakakosa, wakakosa tena, na makosa yao yote yalikuwa ya namna moja: mpira unapita juu ya ringi, unagonga ubao, unarudi. Sisi tukawa tunacheka. Mapumziko nahodha wao akaja akasimama chini ya ringi, mikono kiunoni, akasema, "Samahani Shangazi, hii ringi yenu imechuchumaa, au sisi ndio tumerefuka njiani?" Wote wakaangua kicheko. Rula hakucheka. Alinitazama mimi.

Futi yangu inalala shingoni, unajua. Watu walipoondoka nilimwomba Twiga apande ngazi ashike upande wa juu, nikapima hadi chini. Mita mbili na sentimita tisini na tatu. Nikapima goli la pili. Hivyohivyo. Nikaenda ukingoni ambapo zege limekatika, nikapima unene wake. Sentimita kumi na mbili.

Sikukwambia siku ile. Niliogopa ungeniambia futi ya cherehani si futi. Ndiyo maana nikakuuliza swali, nawe umenijibu kwa mkono wako. Ulipima kutoka kwenye udongo. Kisha sakafu ikapanda, na hakuna aliyeipandisha ringi. Kipimo chako kilikuwa sahihi mwezi mmoja tu.

Kaka, ugenini hakuna woga. Mikono yao ilijifunza ringi ya kwetu, ikaijua vizuri, kisha ikawa inaenda kwenye ringi za watu ikiwa na kipimo cha kwetu. Ndiyo maana mpira unagonga ukingo wa mbele. Mwenye mkono ulionyooka kuliko wote ndiye aliyekosa kuliko wote.

Nimemwita fundi wa karakana ya baiskeli, amezipandisha ringi zote mbili. Zile nne katika kumi ni za ringi mpya. Wanajifunza upya. Wiki hii wamefika sita.

Na zoezi lako la kukimbia nimeliacha tangu siku nilipopima. Mbio ulizoniagiza hazikukimbiwa. Kwangu anayekosa anarusha tena, basi. Nyani haoni kundule, Kaka, na sisi tumewakimbiza watoto wa watu kwa kosa ambalo lilikuwa limesimama kwenye nguzo.

Jina la Rula nimelipeleka pamoja na la Twiga. Kitasa mwenyewe alisema yeye anasubiri mwakani. Pale panapotakiwa saini ya kocha nimesaini mimi. Ukitaka kunishtaki kwa chama, nishtaki. Ila kabla ya hapo mwandikie mwanao. Mwandikie yeye, siyo mimi.

Mdogo wako


Kambi ya matangi, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Kwanza, huyo fundi wa baiskeli. Kati ya mafundi wote umemwita yeye. Mshono wake unafanana na matapishi ya kuku. Ameondoa mabano yangu? Nimeyachomelea kwa vipande vya chuma nilivyovitafuta miezi mitatu. Kama ameyakata kwa msumeno amenitukana, na wewe ulishika ngazi.

Pili, zege. Nani aliniambia lingekuwa nene hivyo? Mwenye ghala alisema tabaka jembamba, la kuzuia vumbi tu. Wazazi wakaendelea kumwaga kwa sababu mifuko ilikuwa ya bure, na kitu cha bure hakina mwisho. Siku ile nilikuwa na foleni ya mageti ya watu karakanani, nikafika wamekwishasawazisha, wananiimbia. Ulitaka nianze kupima watu wakiimba?

Tatu, chama. Waamuzi wao wamekuja kwenye uwanja wetu miaka miwili, na filimbi zao na vyeti vyao vilivyotiwa fremu. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho akaona ringi imeshuka. Mimi ndiye nisiye na cheti, kwa hiyo mimi ndiye nitakayechekwa. Nakuomba jambo hili lisitoke nje ya familia. Fundi wa baiskeli mwambie anyamaze. Wale wa mtaa wa pili waambie ringi ilikuwa kwenye matengenezo.

Nne, kuniwekea saini. Hilo tutaongea nikirudi.

Sita katika kumi si mbaya kwa ringi mpya. Wakifika saba usiwasifu mapema.

Rula mwambie aendelee na mazoezi.

Kaka yako,
Kocha


Nyumbani, 13 Mei

Baba,

Shikamoo.

Shangazi alinipa barua yako niisome mwenyewe. Alisema hataki kunisimulia akapunguza wala kuongeza.

Nimeisoma kwa kuhesabu, maana ndivyo ulivyonifundisha. Fundi wa baiskeli ana aya nzima. Zege lina aya nzima. Chama kina aya nzima. Mimi nina mstari mmoja, na ndani yake naagizwa nifanye mazoezi.

Kuhusu ringi sina neno. Mtu yeyote anaweza kukosea kipimo. Nilikwambia usiku uleule wa fainali kwamba yao iko juu, lakini hata mimi sikuwa na uhakika, na uliponijibu nikaamini jibu lako. Nilikuamini zaidi ya mikono yangu. Miezi yote hii nimejua kwamba mimi ni mwoga kwa sababu wewe ulisema, na wewe hukosei namba.

Ninachotaka kukuambia ni ile kesho yake. Hukuona kila kitu kwa sababu ulikuwa unanitazama mimi. Twiga alitapika nyuma ya nguzo, ukasema pumzi imemwisha. Kitasa alikuwa anapita mbele yangu kila mzunguko, na mara ya mwisho alisema polepole, "Rusha vizuri basi, jamani, tunakufa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananiomba. Nikarusha, nikakosa, na ringi ilikuwa ni ile ya nyumbani, ya chini. Hiyo haikuwa sentimita kumi na mbili.

Baada ya siku hiyo hawakunipa pasi. Hakuna aliyepanga hivyo. Mpira ulikuwa unafika karibu yangu unageuka. Uliandika kwenye daftari lako kwamba Rula anajificha uwanjani. Sikuwa najificha. Nilikuwa wazi, nimenyoosha mikono.

Twiga ndiye aliyeanza tena kunipa, wiki tuliyopandisha ringi. Alinirushia mpira akasema, "Haya, rula, kumbe tulikuwa tunapimia udongo." Tukacheka mpaka Shangazi akapuliza birika lake.

Nimechaguliwa. Twiga pia. Tunaondoka Jumamosi kwenda bwenini. Mama analia na kufunga mizigo, vyote pamoja.

Shangazi alitaka nikualike kwenye mechi ya kwanza, mwezi wa saba, mkataba wako utakuwa umekwisha. Nimemkatalia, na nakuandikia mwenyewe ili usije ukasema ni yeye amekuzuia. Baba, usije. Sina hasira, au ninayo lakini siyo hiyo inayoandika. Nikikuona ukingoni nitakuwa natafuta nani anajiandaa kukimbia.

Mwanao


Kambi ya matangi, 26 Mei

Mdogo wangu,

Kazi imeongezeka. Wameamua kujenga matangi mengine mawili upande wa pili wa bonde, na msimamizi alipouliza nani atabaki, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Kwa hiyo mwezi wa saba sirudi. Mwambie wifi yako kazi ni kazi. Atakuuliza kama ni hiyo tu. Mwambie ni hiyo tu.

Timu ichukue. Usiniulize tena utaratibu, unao wako. Zile ringi ziache zilivyo, hata huo mshono usiuguse. Mshono mbaya unaoshika ni bora kuliko kuchomelea mara mbili, chuma kinachoka. Chama wakikuuliza kocha yuko wapi waambie kocha ni wewe. Kama kuna kozi yao, nenda ukaifanye, upate hicho cheti. Watu wasije wakakosa cha kukuheshimia.

Barua ya binti nimeipata. Dereva alisubiri jibu nikamwambia aondoke tu. Nilianza kuandika, nikaona nimeanza na zege.

Usimpe salamu zangu, atadhani namvizia. Usimwambie kwamba nimeuliza. Lakini wewe utakwenda kumtazama, najua, na utaniandikia hata nisipokuomba. Basi nakuomba. Kaa jukwaa la juu, mahali pa kuona uwanja wote. Hesabu usiniandikie, sitaki kujua amepata mingapi. Niandikie tu kama wenzake wanampa pasi.

Kaka yako